Prado ya zamani na tairi kubwa: chungulia uvunguni kwanza, urefu kidogo, upana achana nao

Nianze na hesabu ambayo wauza tairi hawaipendi. Saizi ya kiwandani ya Toyota Prado 95 nyingi ni 265/70R16 (yaani upana milimita 265, ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu inchi 16), na saizi ambayo kila mtu anaitamani ni 285/75R16, maana inajaza fenda na gari inaonekana imekasirika. Kimo cha ile ya kwanza ni kama milimita 777 na ya pili ni kama 834. Tofauti ni 57, mtu anasikia 57 anachangamka, kumbe gari haipandi kwa 57, inapanda kwa nusu yake tu, ile nusu nyingine ya tairi inaongezeka juu kwenye fenda huko ambako inatafuta pa kukwaruza. Kwa hiyo hela yote ile, kukata bampa, kuinua springi, kelele barabarani, unapata sentimita 2.8 chini ya difu, lile bonge la chuma lenye gia katikati ya ekseli. Ukiwa mtu wa hesabu hapo tayari unaanza kukuna kichwa.

Halafu kuna wanaosema basi mimi sihangaiki na tairi, nainua gari kwa springi. Sawa, bodi itapanda, na ukipiga picha itatoka vizuri, ila difu ya nyuma iko kwenye ekseli na ekseli imekaa kwenye tairi, springi inaunyanyua mwili wa gari tu, difu inabaki palepale ilipokuwa inagonga jiwe jana. Difu ya nyuma inainuliwa na tairi peke yake. Kwa hiyo tairi kubwa ina maana yake, sipingi, napinga ule ukubwa wa kushindana.

Gari yangu ni ya mwaka 1998, KZJ95, injini 1KZ-TE ya dizeli yenye taabo, manyuo. Sio shangingi la kutambia mjini, ni gari ya kazi, iko hapa Mbeya, inapanda Umalila kutokea Mbalizi kufuata viazi, inashuka Tukuyu, na msimu wa maua inaenda Hifadhi ya Kitulo, ile wanayoiita Bustani ya Mungu. Na hapo kwenye maua ndio pana utani wake, maana maua ya Kitulo yanachanua vizuri kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, yaani mvua ile ile, ukitaka kuiona Bustani ya Mungu imependeza lazima ukubali na tope lake. Kiangazi unafika kiulaini kabisa na unakuta majani.

Sasa tope la huku kwetu. Anayeishi Dar akikushauri tairi pana msikilize kwa heshima ila usimfuate, yeye anawaza mchanga. Kwenye mchanga upana unakusaidia kuelea juu. Tope la Umalila, la Rungwe, hata lile jekundu la Kilolo kule Iringa, mara nyingi ni utelezi wa juu tu, chini kuna udongo mgumu, na tairi nyembamba inakata ule utelezi inaenda kukanyaga chini kwenye ugumu wakati tairi pana inabaki juu inateleza kama sabuni kwenye beseni. Angalia magari yanayofanya kazi kweli vijijini, Land Cruiser mkonga za hospitali na za miradi, zimevaa 7.50R16, tairi ndefu nyembamba, hazivutii wala nini, na zinafika kila mahali. Defender 110 nazo hivyo hivyo, 7.50 au 235/85R16.

Na mifereji ya Fuso. Fuso la viazi likishapita mara mbili tatu barabara ya shamba wakati wa mvua linaacha mifereji miwili na tuta katikati, Prado yako ikiingia mle difu inaburuza kwenye tuta. Hapo ndio hata sentimita moja na kitu unayoongeza inapoonekana faida, sio kwamba unapita kila mahali, ila unapita pale ambapo zamani ulikuwa unagusa na kusimama.

Mimi nikaamua 235/85R16. Kimo chake ni kama milimita 806, yaani ndefu kuliko ya kiwandani kwa 28 hivi, difu inapanda sentimita 1.4, na upana unapungua kwa milimita 30. Inakaa kwenye rimu zile zile za Prado za inchi 7, hakuna kununua rimu, hakuna spesa za kusogeza tairi nje. 7.50 yenyewe niliitamani kwa sababu unaipata mpaka vijijini, Canter nyingi zinatembelea saizi za namna hiyo, ila inataka rimu nyembamba na nyingi zinaenda na tyubu, nikaona ni kujitafutia kazi. Kama huwezi kuvumilia tairi nyembamba, maana najua kuna watu wanaona gari imekuwa kama imekonda miguu, chukua 265/75R16, kimo ni karibu sawa kabisa, milimita 804, na Prado 95 inaimeza bila shida kubwa. Ila ukienda 285 ujue umeingia kwenye mradi.

Kabla ya kununua nikapeleka gari kwa fundi wangu Mwanjelwa. Nilimwambia nataka kubadili tairi, naomba anipimie nafasi kwenye fenda, yeye hata fenda hakuiangalia, akalala chini.

"Bosi, hizo tairi umeshalipia?"

"Bado, fundi."

"Afadhali. Njoo ushike hapa."

Alikuwa ameweka jeki chini ya ami ya chini (ule mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu), kushoto mbele, tairi imeachana na ardhi kidogo tu, akapitisha mtaimbo chini ya tairi akawa anainyanyua na kuiachia taratibu. Nikaweka kidole kwenye boljointi ya chini, kile kiungo kinachounganisha ami na gurudumu. Inacheza. Sio sana, kaupenyo kadogo tu, tik, tik, kila akinyanyua. Raba yake ilikuwa imechanika upande wa ndani ambao huwezi kuuona ukiwa umesimama, grisi imegeuka nyeusi, na nilipoisugua kati ya vidole ilikuwa na mchanga.

Hii naomba wenye Prado 95 mnisikilize vizuri, na Hilux Surf za umri huo huo nazo zimo. Boljointi ya chini kwenye hizi gari imefungwa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta kuiachanisha, haiibani pamoja. Ikishalegea kabisa haikupi muda, kiungo kinachomoka, tairi ya mbele inalala chini ya fenda na hapo usukani hauna kazi tena. Waza hiyo kwenye zile kona 57 za Chimala kupanda Matamba. Sasa wewe chukua boljointi ya miaka ishirini na kitu, iongezee tairi ndefu zaidi na nzito zaidi, kila shimo linapiga kwa nguvu zaidi, halafu uende nayo Makete. Kwa hiyo hela ya tairi ya kwanza ikaenda kwenye boljointi zote mbili za chini, tairodi endi (viungo vya mwisho vya usukani), na raba za sivi jointi, vile viungo vya ekseli za mbele, ambazo moja ilikuwa imeanza kupasuka kwenye mikunjo. Raba ikipasuka tope linaingia, grisi inatoka, na sivi jointi inaanza kulia ka-ka-ka ukikata kona. Nikalalamika kidogo, fundi akasema kaka tairi unaweza kuvaa mwezi ujao, mguu hauoti. Basi.

Brekipedi pia angalia. Tairi ikiwa ndefu breki inakuwa na kazi zaidi ya kuisimamisha, haitaonekana Mwanjelwa, itaonekana unashuka Kitonga una mzigo, na nyuma yako kuna semi la kwenda Dar. Shuka na gia. Hiyo ni hata kwa tairi za kiwandani.

Kitu kingine cha hii injini ambacho watu wanakijua ila wanakisahau wakishaona tairi: 1KZ-TE haipendi joto. Silinda hedi yake ikichemka inapasuka, na bei ya hedi mnaijua. Tairi ndefu ni sawa na kurefusha gia zote kwa pamoja, kwa hii saizi yangu ni kama asilimia 3.7, kwa 285 inafika asilimia 7 na ushee, maana yake pale ulipokuwa unapanda na gia ya tatu vizuri sasa injini inakokota, dereva mvivu wa kushusha gia anaikanyagia tu, mshale wa joto unapanda. Kabla ya kufunga tairi nilisafisha rejeta kwa nje, likatoka vumbi na mabua, nikabadilisha kuleti yote (maji ya kupozea injini), nikaangalia feni ya mbele ile yenye klachi kama inashika. Na nimejizoesha kushuka gia mapema. Mlimani hapa 3.7 naisikia kidogo kwenye gia ya tano, nne inapiga kazi kama kawaida. Mwenzangu mmoja ana 285 kwenye gari kama hii hii, gia ya tano kwake imekuwa pambo, labda aikute Usangu kwenye tambarare.

Siku ya kufunga sasa. Tulifunga mbele kwanza, fundi akachukua chaki akapaka ukingo mzima wa tairi kwa nje na kwa ndani, akaniambia kata usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, mbele na nyuma. Halafu akapandisha tairi ya mbele kulia juu ya tofali na mbao, ikakunjika mpaka ikazama kwenye fenda, akasema kata tena. Hiyo ndio sehemu watu wanairuka, wanajaribu kwenye sakafu ya gereji, gari imesimama sawa, haigusi, wanalipa wanaondoka, wakifika kwenye shimo la kwanza huku wamekata kona ndio wanasikia kraaa. Chaki yetu ilihamia sehemu mbili tu. Ya kwanza ni kwenye madigadi ya mbele, hiyo tuliisogeza nyuma kwa kutoboa tundu jipya. Ya pili ni plastiki ya ndani ya fenda upande wa nyuma ya tairi, karibu na lile sikio la chasisi linaloshika bodi, tukaibana na skruu ikakaa. Hakuna kukata chuma. Wenye 285 lile sikio ndio adui yao, na wengi wanaishia kulikata na kulichomelea upya, na mimi mtu akianza kunishikia grainda kwenye maungio ya bodi na chasisi ya gari ya umri huo namuomba anirudishie funguo.

Baada ya hapo wili alaimenti na balansi, halafu nati zinakazwa tena ukishatembea kidogo. Mafundi wengi wanasahau kukwambia hii ya nati.

Tairi zenyewe. Nilichukua mpya, za AT, zile za nusu lami nusu tope. MT zenye meno makubwa zinapendeza ila lami ya kutoka hapa mpaka Iringa zitakupigia kelele mpaka ukome, na lami ikilowa hazishiki vizuri kama AT. Asilimia kubwa ya safari za watu wengi ni lami, tuwe wakweli. Za kwangu zimeandikwa 120/116 ubavuni, hiyo 120 maana yake tairi moja inabeba mpaka kilo 1,400, ni ubavu wa kigari cha mizigo, mgumu, na kwangu faida kubwa kabisa niliyoipata ipo hapo. Kokoto zenye ncha za barabara mpya na visiki vya miti shambani vilikuwa vinanichania ubavu wa zile tairi laini. Ubaya wake gari inaruka zaidi ikiwa tupu, mama watoto ameshasema, nimesikia.

Kama hela inabana ukaenda kwenye mtumba, sikucheki, ila geuza tairi utafute yale maandishi ya DOT, mwishoni kuna tarakimu nne, mfano 2319, hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji atakuonyesha meno, meno yanaweza kuwa mapya kabisa na tairi ina miaka kumi imekaa stoo, mpira umekauka. Ikunje kwa kidole kwenye mifereji ya meno uone kama kuna vimipasuko vidogo vidogo. Na kama tarakimu zimekwanguliwa, rudisha, ondoka, usianze hata kubishana.

Na nunua tano, sio nne. Najua, najua. Ila Prado hii inavuta tairi zote nne muda wote, hakuna siku inatembea ya nyuma peke yake. Ukipata panchari ukafunga spea ya saizi ya zamani upande mmoja, ile fupi inazunguka haraka kuliko mwenzake, difu inakuwa kazini hata ukiwa unaenda moja kwa moja, joto linapanda, oili inaungua. Kwa kilomita chache za kufika kwa fundi panchari sawa, kwa safari ya Mbeya Njombe hapana. Na ukiwa umefunga loki ya katikati, ile inayofungia difu za mbele na nyuma zizunguke pamoja, ndio usithubutu kabisa, loki yenyewe ni ya tope tu, ukifika lami itoe. Spea yangu iko mgongoni kwenye mlango wa nyuma, tairi mpya ni nzito zaidi, na mlango wa gari ya 1998 tayari bawaba zimechoka, ukiufungua unashuka kidogo, ukifunga lazima uunyanyue. Tumekaza bawaba na kuweka raba mpya za kuegemea, umetulia, ila naukagua. Nikizungusha tairi nazungusha zote tano ili zilike sawa.

Spidi mita sasa, hapa pana raha na karaha. Tairi ikiwa ndefu kibao kinasoma pungufu ya mwendo halisi. Kikisema 50, hesabu ya tairi yangu inasema 51.8, kwa mwenye 285 inakaribia 54. Kwa bahati magari mengi kiwandani kibao kinasoma juu kidogo kwa makusudi, kwa hiyo sehemu ya tofauti inajifuta yenyewe, mimi nilipima na GPS ya simu nikakuta sasa kibao na simu vinakaribiana kuliko zamani. Ila usije ukamweleza trafiki wa Igurusi au Chimala habari za kimo cha tairi, tochi imeshakusoma, vibao vya 50 vimejaa barabara yote ile na faini yako ya 30,000 inakusubiri. Mimi kwenye 50 naenda 45, nawahi wapi.

Upepo. Ile stika ya mlangoni kwa dereva ni ya tairi za kiwandani, sio za hizi. Hizi za ubavu mgumu zinataka zaidi kidogo kubeba mzigo ule ule. Lami natembelea PSI 35, nikiwa na magunia nyuma naongeza za nyuma. Nikiingia tope la shambani nashusha mpaka 24 au 22, na aisee hii ni kubwa kuliko kubadili saizi yote niliyoandika hapo juu, ni bure, tairi inalala, inashika, gari inaacha kurukaruka. Watu wamefunga tairi za bei mbaya na wako na upepo wa lami kwenye tope, wanachimba shimo mpaka gari inakaa kitako, halafu wanalaumu tairi. Ila ukishusha upepo tembea polepole, kona kali tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu, na uwe na kipampu cha kuchomeka kwenye betri maana ukirudi lami na 22 tairi inachemka.

Mafuta ndilo swali linalofuata, lazima. Inakula zaidi, kidogo, tairi ni nzito na meno yanavuta. Lakini kabla hujapiga hesabu kumbuka kilomita nazo zinasoma pungufu, kibao kikiandika 100 wewe umetembea karibu 104, usiposahihisha hiyo utaona gari imekuwa mlevi kumbe ni kibao. Mimi nikisahihisha, tofauti ninayoiona ni ndogo kuliko ile ya kuendesha kwa hasira.

Springi za nyuma bado ni zile zile, zimelala kidogo, nitazibadilisha kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, na shokapu pamoja. Hapo nitaandika tena.

Na wale wenye Harrier mlioanza kuniuliza inbox kama 235/85 inaingia: haiingii.